Sili Iliyobaki

Mume huyu akikwama hupiga mluzi. Tangu asubuhi alikuwa chali chini ya gari lao, akibadilisha mpira wa ekseli ya nyuma na sili mbili za kuzuia mafuta, moja kila upande, na mluzi haukukatika. Kila nati aliifuta kwa taulo la mkewe la kuogea, akailaumu spana, akakataa kuitiwa fundi. “Fundi wa nini, na mimi nipo?” Mkewe alisimama kando, akitazama saa kila mara, maana mama yake alikuwa akingojwa hospitali kupasuliwa jicho.

Hatimaye jeki ikashuka. “Panda, mama, limepona.” Mama mkwe akapanda. Mume akainama kukusanya zana, akaona kitu kando ya kopo la grisi, akakisukumia mfukoni na kuanza mluzi tena.

“Toa,” mkewe alisema.

“Nini tena, mama watoto?”

“Ulichoficha.”

Akatoa sili mpya, haijaguswa. “Hii ya akiba.”

“Ulinunua mbili. Ekseli ina pande ngapi?”

Akalitazama gurudumu kana kwamba ndilo lililoulizwa. “Kwa leo litafika tu. Mafuta yatavuja kidogo.”

“Kwenye breki.” Mkewe akafungua mlango. “Mama, shuka, kabla hajajitolea kukupasua jicho mwenyewe.”