Gari la Shangazi Lililolala

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote, kwamba gari likiinuliwa husinzia, na ukipiga kelele linaamka na kumlalia aliye chini yake. Watoto wote wa Dongobesh tulilijua hilo, nadhani hata ng'ombe walilijua.

Juzi nilimwona jirani akijiingiza chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu, nikamkumbuka shangazi yangu, fundi aliyewashinda mafundi wote kuanzia kwetu hadi mwezini. Alasiri moja nikiwa mtoto, katikati ya harufu ya grisi na vitunguu saumu, aliweka mawe kwenye magurudumu, akainua pikapu yake kwa jeki, akaishusha juu ya stendi za chuma, kisha akaisukuma kwa bega. Nikajua anaibembeleza ilale. Akaingia chini.

Mara akapita babu mmoja jirani. Nikaziba mdomo, shikamoo ikabaki kooni.

"We mtoto, huna adabu?"

Nikanong'ona huku machozi yakinitoka, "Babu, gari litaamka limuue shangazi!"

Shangazi akacheka huko chini. "Msalimie babu yako! Gari halilali. Nililisukuma nione kama limekaa imara. Kama ni kuanguka, lianguke nikiwa bado nje."