Wimbo wa Kutwangia Muhogo

Majira ya baridi yale niliishi ndani ya hedifoni. Nyumba yetu ya Alby, kitongoji cha wahamiaji huku Uswidi, ilikuwa na kuta nyembamba, na jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio hata tukikohoa. Kinanda changu cha umeme kilibanwa kati ya kitanda na kabati, nami nikabanwa nacho, mgongo ukigusa mlango wa kabati kutwa nzima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka nafasi katika shule ya muziki mjini. Walikuwa wamenikataa mara moja. Hii ilikuwa ya pili, na mara ya tatu hawakumruhusu mtu.

Mwalimu wangu alikuwa bibi wa Kihungaria, mkali kama pilipili, aliyekimbia kwao akiwa msichana. Alinifundisha muziki wa kwao tu. Watunzi wao wa karne iliyopita, alinieleza, walizunguka vijijini na mashine ya kunasa sauti, wakawabembeleza vikongwe waimbe nyimbo za mavuno na harusi, kisha wakazitia kwenye piano bila kuziosha: midundo ikichechemea, noti zikisuguana. Niliupenda muziki ule. Ila kila nilipoucheza vizuri, alisema, "Sasa niletee wa kwenu." Alikuwa amekwisha kuamua kwamba kipande changu cha pili kwenye mtihani kitakuwa wimbo wa Kongo, nitakaoutengeneza mwenyewe.

Kwetu ni wapi? Niliondoka Kivu mgongoni mwa mama. Lakini bibi yule hakubishiwa.

Mama hakuhitaji kubembelezwa. Akiwa anasonga ugali, simu yangu ikinasa kando ya sufuria, aliimba wimbo ambao nyanya yangu alitwangia muhogo, akiacha pengo dogo pale mchi unapoanguka. Nilifurahi mno. Wiki tatu sikutoka kwenye kona ile ya kitanda. Mkono wa kushoto niliupa mchi, wa kulia nikaupa sauti ya mama, pamoja na noti moja anayoishusha kila mara.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Akanisukuma kando kwa nyonga, akaupiga wimbo uleule, taratibu, umenyooka, hauna mchi.

"Huu ni wa kanisani," alisema. "Wa Kiswidi. Hata watoto wanaujua."

Zilikuwa zimebaki siku nne. Nilirudi nyumbani nikiwaka. Kwamba wamisionari wa Kiswidi walifika kwetu zamani, hilo nililijua. Sikujua kama walifika hadi kwenye kinu cha nyanya. Nilimwambia mama kwa Kiswidi, maana hasira zangu zote ni za Kiswidi, kwamba wimbo wake si wake.

"Ya Waswidi?" Mama alicheka. "Mais non, hapana! Ile ni wimbo ya mama yangu. Alitwanga nayo, mimi nikalala mugongoni yake nayo. Mkataa kwao ni mtumwa, mutoto yangu."

"Huna mwingine?"

"Mwingine wa nini? Wimbo ndiyo ile."

Nilijiona mfungwa. Kwa wimbo ule, mbele ya Waswidi nisingekuwa Mkongo wa kutosha, na siku nne hazitoshi mtu kujitafutia kwao kwingine. Nikaenda na uleule.

Wasaili walikuwa watatu. Nilipofika mstari wa pili, mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa akichezesha midomo, anafuata maneno. Nilipomaliza aliniuliza, kwa ule upole wao unaofunga mlango bila kelele, kama ningeweza kuwapigia na kitu cha kwetu.

"Ndicho hicho," nilisema.

Wakatabasamu, wakaandika. Sikuhitaji kungoja barua, ingawa ilikuja, nayo ilikuwa fupi.

Siku ile ya mtihani mama alinikuta mlangoni kabla sijavua koti. Mikono yake ilikuwa na unga.

"Basi? Wameipenda wimbo yetu?"

Nilikuwa na kila kitu cha kumwambia, na chote kwa Kiswidi. Nikatafuta Kiswahili.

"Waliujua, mama."

Alipiga kofi moja, unga ukaruka.

"Unaona! Imefika mpaka huku."