Korongo Halijashusha

Kijijini kwetu, kumwambia mgeni asije ni aibu kubwa kuliko kukamatwa na kuku wa jirani kwapani. Ndiyo maana wengi hawakumpenda Bassou.

Barabara inayopanda kutoka bondeni huishia kwetu, na njia za mlimani huanzia hapohapo. Kila milozi ilipochanua, Bassou alishuka kuikagua barabara. Alichoma theluji kwa fimbo ndefu, akalala kifudifudi kusikiliza maji yanayopita chini yake, kisha akalitazama korongo lililo juu ya barabara. Korongo hilo hushusha theluji yake yote kwa mkupuo mmoja. Likishashusha, sote tunatoka na majembe kufukua njia, na wageni wanakuja, wapanda milima na wale wenye mbao za kuteleza juu ya theluji. Kabla ya hapo sisi hushuka na nyumbu kwa njia ndefu ya ng'ambo ya mto.

Wageni walimpigia simu, naye jibu lake lilikuwa moja tu: "Halijashusha. Msije."

"We Bassou, ulimi wako mkavu!" nilimwambia siku moja. "Ongeza hata inshallah."

"Ya nini? Theluji ina masikio?"

Mkewe, Itto, alikuwa mtu mwingine kabisa. Huwezi kupita mlangoni pake bila chai ya nanaa na mkate wa shayiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwake methali hiyo ilikuwa kweli tupu, maana Bwana Driss wa Rabat, aliyekuja kila mwaka kuteleza na rafiki zake, ndiye aliyempeleka kutibiwa macho.

Mwaka ule jua lilikuwa kali mapema. Bassou alishuka kukagua, simu akaiacha nyumbani. Mimi nilikuwa uani kwao nikimchonga nyumbu wao kwato, simu ikalia: alikuwa Bwana Driss.

"Mama Itto, tumelala hapa mji wa bondeni. Barabara imefunguka?"

"Karibuni sana, mwanangu! Nyumba ni yenu. Inshallah njia ni njema. Naweka nyama jikoni."

Mtu wa kwetu angejua kwamba hajajibiwa kitu. Angeuliza tena na tena mpaka aufikie ukweli ulio chini ya adabu. Mtu wa Rabat aliwasha gari.

"Itto! Umemwambia imefunguka!" nilimaka.

"Sijasema imefunguka. Nimesema karibu."

"Mpigie tena basi."

"Nimwambie nini, jirani? Asije kwangu? Kwa macho haya aliyonitibisha?"

Nikamnyang'anya simu, nikapiga mwenyewe. Haikupatikana. Walikuwa wameshaingia kwenye genge, pale barabara inapobanwa na majabali, na huko simu hazishiki.

Bassou alirudi viatu vimelowa chepechepe. Nilipomweleza, hakumfokea mkewe. Alimtazama tu, akauliza, "Wametoka saa ngapi?" Njia ya ng'ambo ilikuwa ndefu mno, asingewawahi. Akashika barabara, akikimbia na uzee wake wote, nami nyuma yake, mpaka karibu na korongo aliponigeukia akasema, "Wewe baki hapa. Mmoja anatosha."

Wageni walimwona kwa mbali akipunga joho lake, wakasimamisha gari. Alikuwa katikati, chini kabisa ya korongo, liliposhusha.

Tulifukua kwa mikono, mimi na waliokuja mbio kutoka kijijini, na upande wa pili wageni wakafukua kwa mbao zao za kuteleza. Tulimpata jua likizama, joho bado liko mkononi.

Bwana Driss alikuja msibani kwa njia ya nyumbu. Alipiga magoti mbele ya Itto, akalia kama mtoto. "Mama, kwa nini hukuniambia?" Itto, ndani ya nguo zake nyeupe za eda, alimwinua, akamsogezea mkeka. Ile nyama aliyowawekea, tuliila sisi waombolezaji. Sijawahi kula chakula kichungu vile.

Milozi ilipochanua tena, hakuna aliyetaka kushika fimbo ya Bassou. Itto aliichukua. Tulimwona akilala kifudifudi juu ya theluji, bibi wa watu, akisikiliza. Aliporudi, simu ililia. Nilikuwepo.

"Mama Itto, tunataka kuja kumzuru mzee kaburini. Tutapita?"

Itto alinitazama. Nilidhani atasema karibu.

"Halijashusha," alisema. "Msije."

Akakata simu bila kuuliza hata habari za watoto, akajifunika uso kwa ushungi na kulia.