Ndege wa Mianzini

Nakumbuka siku moja hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, nikiwa binti wa kuanika ndagala, hawa dagaa wetu, ufukweni, ndege mdogo wa kijani alipotua juu ya bati la Mama Riziki. Hakuwa ndege wa ziwani, hakuna aliyewahi kumwona. Aliimba vizuri mno, na uzuri huo ndio uliotutisha, maana jana yake mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa.

Mama Riziki alikuwa mgeni, amekimbia vita milimani na watoto wake wawili. Tangu afike hatukuwahi kumwona akicheka. Asubuhi ile alitoka nje anacheka, akampigia ndege mluzi. Ndege akamjibu.

"Munaona?" akasema jirani aliyefiwa. "Ni wake. Anamutuma."

"Hapana, mama. Ni ndege wa kwetu kule juu, anaimbaka mu mianzi." Kisha kicheko kikamwishia. "Lakini huku hashukaka. Kama ameshuka, kule kunawaka moto."

Nani angemsikiliza, mwanangu? Walikwisha kumwita mchawi. Vijana walimuua ndege kwa manati, wakavunja mlango, wakatupa masufuria yake barabarani. Alishika miguu ya wazee akiwaambia, "Musinirudishe kule." Hakuwa na pengine pa kwenda. Akapanda njia ya Fizi kurudi milimani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono.

Kabla mvua hazijaanza, watu wa milimani wakashuka wakinuka moshi. Walisema kijiji cha Mama Riziki kimeteketea, naye na watoto hawakutoka. Bibi yangu alikwenda kwa yule jirani, nami nikamfuata. Hakupaza sauti.

"Alituambia," akasema. "Sisi bote tulisikia. Tuliogopa ndege, moto hatukuogopa."

Jirani alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nina hasira hadi leo, na uzee haujaipunguza.

Sasa nasikia ndege kama yule ameimba tena, kwenye mahema ya wakimbizi, na wewe unatafuta manati. Keti kwanza. Mgeni akikuambia kwao kuna nini, msikilize mpaka amalize, hata kama umefiwa, hata kama unaogopa. Kumfukuza ni rahisi, lakini kumrudisha hutaweza. Mungu akulinde, mwanangu, usije ukakimbia kutoka kwenu. Na ikibidi ukimbie, akufikishe kwa watu watakaokuuliza umeona nini.