Petang Alivyorudi Moja kwa Moja kutoka Makaburini

Kule mjini Tabaco mtu akitoka mazikoni harudi nyumbani moja kwa moja. Hata mvua inyeshe namna gani, lazima apitie mahali kwanza, iwe dukani, sokoni au kwenye kibanda chochote cha chakula, ili marehemu akimfuata apotee njiani. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Basi siku aliyozikwa Elmo, waombolezaji wengine wote walishukia kwenye mgahawa wa tambi karibu na stendi, wakaagiza, wakaanza kula huku macho yamewaiva. Petang, mama wa marehemu, hakuwa nao; alibaki nyuma makaburini, akisingizia kwamba anasali kidogo. Akatokea lango la nyuma la makaburi, akasimamisha bajaji, huyo nyumbani. Akaufungua mlango wazi kabisa.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Kitanda chako kipo."

Jamani, hakusahau mila. Alifanya makusudi.

Kabla ya hapo Petang alikuwa mtu wa jikoni. Alikuwa akifunga majani ya magimbi na dagaa na pilipili, anayachemsha kwenye tui zito mpaka mtaa mzima unameza mate. Baada ya mazishi mbuzi ya nazi ikakauka. Kazi yake ikawa kutandika kitanda cha Elmo kila asubuhi na kumwekea sahani ya wali ambayo nzi ndio walioila. Mlango haukufungwa. Majirani wakaanza: Petang kachanganyikiwa, Petang anafuga mzimu. Hao hao waliokuwa wakilamba vidole kwa mapishi yake! Midomo ya mtaa ule, afadhali ninyamaze.

Aliyeumia zaidi ni Marivic, binti yake, aliyekuwa na mimba kubwa na mume yuko melini huko mbali. Siku moja akakataa hata kuingia sebuleni.

"Mama, mimi sijifungulii humu. Nakwenda kwa wakwe zangu Legazpi. Na nikishakwenda, usinitegemee kurudi."

"Unamkimbia ndugu yako?"

"Ndiyo. Namkimbia."

Petang akaona wazi kwamba akimshika aliyekufa atampoteza aliye hai, na mjukuu juu. Aliona, lakini hakuweza kuachia. Ndipo Marivic akamburuta, namaanisha kumburuta kwa mkono, mpaka kituo cha afya kwa Nesi Belen, aliyefundishwa kuwasikiliza watu waliolemewa.

Belen ni mwanamke mnene, mcheshi. Alimwonyesha mambo madogo madogo. Kifua kikibana, vua viatu, kanyaga sakafu uisikie. Vuta hewa, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Taja unachokiona mbele yako: sufuria, dirisha, paka.

"Sitaki," Petang akasema. "Nikitulia, ataondoka."

"Dada, mimi simfukuzi mtu. Kwanza mizimu naiogopa kuliko wewe! Ninachotaka upumue tu, basi."

Petang akacheka bila kutaka, kisha akaona aibu kwa kucheka.

Aliendelea kwenda. Siku nyingine pumzi zilimsaidia, siku nyingine hazikusaidia kitu, na Belen hakumdanganya kwamba zitasaidia daima. Alikuna nazi tena, kidogo. Harufu ya majani yanayochemka ikampiga, akakanyaga sakafu, akataja sufuria, dirisha, paka. Akamaliza kupika. Wali aliupeleka chumbani kwa Elmo kama kawaida.

Alasiri moja Belen akamuuliza, "Tangu umlete nyumbani, mnazungumza nini?"

"Namwambia ale."

"Na nini tena?"

Petang akavua viatu, akakanyaga sakafu.

"Nilidhani ni mafua," akasema. "Mwili unawaka moto, mimi namchemshia majani. Fizi zilipoanza kutoka damu ndipo tukaenda hospitali. Wakasema ni homa ya dengi, mngemleta mapema. Nilimwita nyumbani nimwombe msamaha, Belen. Kila siku naingia mle, mdomo haufunguki."

Belen hakumwambia kosa si lako. Alivuta kiti karibu, wakapumua pamoja polepole. Kisha akasema, "Mwambie leo. Ukishindwa katikati, kanyaga chini, uendelee."

Petang alipofika nyumbani, Marivic alikuwa anafunga begi lake. Petang akampita mpaka chumbani kwa Elmo, akaketi kitandani, akavua viatu, akaanza kusema kwa sauti. Alisema kuhusu majani. Alisema kuhusu homa. Alisema, "Nisamehe, mwanangu, mama yako alikuchelewesha," na uchungu ukamtoka akalia kwa kwikwi.

"Si wewe, Mama."

Marivic alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka.

"Siku ile ya kwanza ulitaka kumpeleka. Ulishavaa viatu. Mimi ndiye niliyekwambia mwache alale, ni mafua tu, huyo mvivu anakwepa kazi. Umesahau, Mama, lakini mimi sijasahau. Wewe ulimwita arudi. Mimi kila nikipita mlango huu naogopa ataniuliza kwa nini."

Petang akakumbuka. Akakumbuka viatu na mkoba begani, na sauti ya Marivic kutoka jikoni ikimkataza. Tusifichane: kwa muda mfupi alimchukia binti yake, akatamani aende zake Legazpi na begi lake. Kifua kikabana kama siku ya mazishi. Akakanyaga sakafu. Akavuta hewa, akaitoa polepole, mara nyingi, mpaka akaweza kumtazama binti yake pale mlangoni, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Njoo," akasema. "Vua viatu. Keti hapa. Kanyaga chini."

"Siwezi, Mama."

"Hata mimi nilikuwa siwezi. Vuta hewa. Sasa itoe, polepole. Haya, tena. Ukiweza, mwambie. Mimi nipo."

Marivic alifungua mdomo, lakini jina tu la Elmo ndilo lililotoka, kisha kilio. Petang akamkumbatia. Hakumwambia kwamba hana kosa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado hajui kama analiamini hilo. Alijua jambo moja tu, kwamba hatamwacha mtoto huyu aondoke na mzigo ule peke yake.