Mchonga tshukudu wa Katoyi na gitaa la Séraphine

Saa moja asubuhi, mtaa wa Katoyi, magharibi mwa jiji la Goma. Cherehani ya Nabintu inalia, lakini chini yake hakuna kitambaa. Sindano yenyewe imetolewa. Nabintu anakanyaga pedali taratibu, macho yake yakiwa kwenye vidole vya mumewe.

Mumewe, Gauthier Kakule, ameketi ubavuni. Kwenye gurudumu dogo la cherehani amefunga kipande cha plastiki, na kati ya kidole gumba na cha shahada ameshika waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Waya unajizungusha kwenye plastiki, mzunguko juu ya mzunguko, maelfu kwa maelfu. Akiuvuta zaidi kidogo tu, unakatika na kazi inaanza upya.

"Ikikatika, mimi na yeye hatuongeleshane mpaka saa sita ya midi," anasema Nabintu bila kuacha kukanyaga. "Asubuyi mashine ni yake. Kisha njo mi naanza kushona nguo za watu."

Kinachotengenezwa hapa ni sikio la gitaa la umeme: koili ya waya, skurubu sita, na sumaku iliyobanduliwa kwenye spika iliyopasuka. Nyuzi zikitikisika juu yake, koili huunasa mtikisiko huo na kuupeleka kwenye kipaza sauti. Hayo yanaelezeka kirahisi. Kuyaona kwa macho yakitoka kwenye waya wa transfoma ya redio mbovu na cherehani ya miguu ni jambo jingine kabisa. Mwandishi wa makala haya alibaki mdomo wazi, na haoni aibu kusema hivyo.

Kwa miaka mingi Gauthier, ambaye ukoo wake unatoka Butembo, alikuwa mchonga tshukudu, yale magari ya mti yenye magurudumu mawili ambayo hushuka na makaa, viazi na kabichi hadi masoko ya Goma. Alijifunza kazi hiyo kwa mjomba wake. Gitaa alijifunza kwenye kwaya ya parokia yake, na kwa maelezo yake mwenyewe, alilipiga vibaya.

Aliyekuwa akilipiga vizuri ni Séraphine, binti wa wafugaji wa milima ya Masisi anayeuza jibini mtaani Murara. Tatizo lake lilikuwa moja. Séraphine ni wa mkono wa kushoto, na magitaa yote ya kwaya ni ya watu wa kulia. Alikuwa akiligeuza gitaa juu chini na kupiga hivyo hivyo, nyuzi nene zikiwa mahali pa nyembamba.

"Nilimwambia tu kwa kuchekesha," anakumbuka Séraphine. "Nikasema, we Papa Gauthier unachongaka tshukudu kila siku, nichongee basi gitaa ya mukono yangu. Sikujua kama ataenda kulala na ile neno."

Gauthier hakulichukulia kama mzaha. Alichonga gitaa la kwanza, la mkono wa kushoto, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo labda ni mchonga tshukudu peke yake angeweza kulifanya.

Tshukudu huchongwa kwa mti mbichi. Mkaratusi ukiwa na maji bado ni laini kwa panga na tezo. Ukishachongwa, unaenda kukaukia barabarani chini ya mizigo, na ukipinda kidogo hakuna anayelalamika. Mikono ya Gauthier haikujua njia nyingine. Alienda kutafuta mkaratusi uliokatwa wiki hiyo hiyo, akachonga shingo ya gitaa, akaipaka vanishi ikang'aa, akawakabidhi wanakwaya gitaa lao kwa fahari zote.

Kufika Pasaka, shingo ilikuwa imepinda. Séraphine akiwa katikati ya wimbo wa Utukufu, nyuzi ziliinuka mbali na ubao na sauti ikapotea njia. Waimbaji walinyamaza mmoja mmoja. Mwishowe zilibaki sauti za mama wawili wa mstari wa nyuma, ambao hawakuwa wamegundua kitu.

"Nilitoka mu kanisa mbele komunyo ianze," anasema Gauthier, na hapo anaweka waya chini kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Siku ya Pasaka. Tangu nibatizwe sikufanyaka vile."

Rais wa kwaya, mzee anayeitwa Papa Édouard, hakumtukana. Alisema kwa upole mbele ya wote kwamba kuanzia siku hiyo magitaa yatakuwa ya dukani. Upole huo ndio uliomuuma fundi kuliko matusi. Ni Séraphine aliyeomba Gauthier ajaribu tena, mara moja tu, na Papa Édouard akakubali kwa shingo upande.

"Nikamwambia mama Nabintu: hii ya pili ikipinda, narudia tshukudu moya kwa moya. Habari ya gitaa haitaongelewa tena mu hii nyumba," anasema.

Gitaa hilo la pili limelala mezani, likisubiri sikio lake tu. Ukilitazama, huachi kulitazama. Tumbo lake ni la mbao za nyumba. Familia nyingi za Goma zinapohama hubomoa nyumba yao ubao kwa ubao na kuondoka nayo, na zile mbao fupi ambazo hazina kazi tena huuzwa kwa kuni. Gauthier alizipata kwenye nyumba iliyobomolewa Murara. Mvua na moshi wa jikoni vimezitia rangi ya kijivu, na matundu ya misumari hakuyaziba. Juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga, kuna libuyu, mbao ngumu nyekundu iliyokuwa mguu wa kitanda, na vyuma vilivyolazwa kukatiza ubao huo ni spoki za baiskeli. Nyuzi hulala juu ya bawaba ya mlango.

Shingo yenyewe ni mkaratusi tena. Safari hii umetoka kwenye mgongo wa tshukudu iliyovunjikia katika mji wa Kiwanja baada ya kubeba mizigo miaka na miaka.

"Huu muti ulishapinda kila fasi ulitaka kupinda," anaeleza Gauthier akiupapasa. "Ulibeba magunia, ukanyeshewa, ukakauka, ukanyeshewa tena. Haina tena kitu cha kunificha."

Hata hivyo hakuuamini hivi hivi. Baada ya kuuchonga, aliupanga juu ya mawe meusi ya volkano nyuma ya nyumba, hewa ipite chini, na kila siku ya soko akaupeleka kwa jirani yake Mama Daniella, muuza maharagwe, kuupima kwenye mizani. Mti wenye maji hupungua uzito. Ukiacha kupungua, umekauka.

"Wateja wangu waliniuliza kama nimeanza kuuza na kuni kwa kilo," anasema Mama Daniella akicheka. "Mi nawajibu, muacheni, iko napimisha mutoto wake."

Mchana, koili ikiwa imekamilika bila kukatika, Séraphine anaingia na harufu ya jibini kwenye kitenge chake. Umeme haupo. Gauthier anaunganisha gitaa na kipaza sauti alichokijenga ndani ya kasha la redio, kinachokula betri ya pikipiki.

Séraphine analiweka mapajani, anakaza funguo za nyuzi, anapiga uzi mmoja. Sauti inatoka nene, yenye mchanga kidogo, inajaa chumba na kutoka mlangoni. Kisha anaanza wimbo mzima, na nyuzi ziko pale mkono wake ulipozitaka siku zote. Inasikika mara moja. Mpita njia mwenye ndoo ya maji anasimama, anaitua ndoo, na haendi tena popote. Nabintu analia waziwazi na kuendelea kukunja nguo za wateja.

"Usilegeze nyuzi," Séraphine anamwambia fundi anapomaliza. "Naenda nayo ikiwa imekazwa hivi hivi, shingo ikitaka kupinda ipinde. Tutaona dimanche."

Jumapili kanisa limejaa hadi mlangoni. Gauthier amekaa nyuma na haimbi. Anatazama kitu kimoja tu, mkono wa kulia wa Séraphine, ambao baada ya kila wimbo ungeweza kupanda kwenye funguo kutafuta sauti iliyopotea. Wimbo wa kuingia unaisha, mkono umetulia. Utukufu unaanza, unapita pale palipoharibikia Pasaka ile, unaisha, na mkono bado umetulia. Wakati wa komunyo Gauthier anasimama, anapanga mstari na wengine.

Baada ya misa Papa Édouard anamfuata uani na kumuuliza kama anaweza kutengeneza na gitaa la besi. Gauthier anaitikia kwa kichwa. Kisha anajibu swali la gazeti kuhusu anachotumaini.

"Tshukudu nilizochonga, hata moya haiko tena," anasema. "Mi nachonga, barabara inakula. Maisha yangu yote sijatengeneza kitu ya kunishinda kuishi." Anamtazama Séraphine, ambaye amezungukwa na vijana wa kwaya, kila mmoja akiomba kulishika. "Hii njo nataka inizike."