Steringi wa Mwaloni Igombe

Enzi zetu, na wenzangu mliokulia Mwanza mtakuwa mashahidi, steringi, yule shujaa mkuu wa hadithi, hakuwa anakaa kwenye simu mfukoni. Steringi ulimtafuta. Ukimpata, ulimpata nusu: kitabu hakina jalada, ukurasa wa mwisho umenyofolewa, na yeye mwenyewe anaongea Kiingereza usichokijua. Tulimpenda hivyo hivyo.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwaka huu nimejiwekea lengo moja tu: kumaliza kitabu changu cha katuni, cha shujaa wa kike anayetoka kwenye ziwa letu hili, na mama yangu akisikie chote. Nimeshakianza mara tatu na kukiacha mara tatu. Sasa masikio ya mama yanapungua nguvu, kwa hiyo safari hii sina ruhusa ya kukiacha. Ila kabla ya kusema nimefikia wapi, acha nishukuru nilikoanzia.

Tuliishi Mabatini. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa anatandaza vitabu na magazeti ya zamani juu ya nailoni kando ya barabara pale mjini. Vitabu vya katuni vilivyochanika jalada havikuwa na mnunuzi, hivyo vilikuwa vyangu. Humo ndani kulikuwa na wanaume wenye nguo za kubana wanaoruka juu ya maghorofa na kunyanyua magari kama wananyanyua ndoo. Watoto wa mtaa mzima tulijifunga vitenge vya mama zetu shingoni, tukapanda kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba, tukaruka. Kovu ninalo gotini hadi leo, na kitenge nilichokichana nilikilipia kwa fimbo tatu. Jioni tunakaa barazani na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tunabishana nani ana nguvu kuliko mwenzake. Majina yao ya kweli hakuna aliyeyajua. Niliyempenda mimi tulimpa jina la Bwana Tufani.

Likizo ikifika, mama alikuwa ananichukua kwenda Igombe kwa dada yake, mama mkubwa. Pale mwaloni, ufukweni zinapofikia mitumbwi, wavuvi wakileta dagaa asubuhi, wanawake wanawaanika mchangani hadi wakauke. Mimi nilipewa kazi ya kulinda: nifukuze kunguru, na nitazame mawingu upande wa ziwa. Nikiona mvua inakuja nipige kelele, dagaa wakusanywe haraka na kufunikwa turubai. Dagaa aliyekauka nusu akinyeshewa ameharibika, huyo anabaki wa chakula cha kuku.

Siku moja nilikwenda kulinda nikiwa na kitabu ambacho mjomba alikuwa ameniletea jana yake. Bwana Tufani alikuwa amefungwa minyororo chini ya maji, na pumzi inamwishia. Tone likaanguka juu ya ukurasa. Nikalifuta kwa kidole gumba, nikaendelea. Likaanguka la pili, nalo nikalifuta. Nilipoinua kichwa, wanawake wote wanakimbia kuelekea kwangu, na dagaa wa mama wanaogelea tena kama hawajawahi kuvuliwa.

"Kabula!" mama alifoka. "Jina tumekupa la mvua, halafu mvua inakuja huioni?" Akanyanyua kitabu kwa ncha za vidole. "Na huyu wako anayeruka, alikuwa wapi? Si angekuja kutuvutia turubai?"

Wenzake walicheka. Mama hakucheka. Wale dagaa walikuwa kazi yake ya wiki nzima, na nilimwona akichota kiganja kimoja, akanusa, akarudisha chini taratibu. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka uso unapata moto. Jiko la kuni lilikuwa linawaka hatua chache tu pale pembeni, nikajua mwisho wa vitabu vyangu umefika. Mama alivichukua vyote saba nilivyokuwa navyo pale Igombe, akavipanga juu ya kigoda chake, akavikalia. Siku mbili hakunisemesha.

Siku ya tatu, wanapogeuza dagaa wengine, mama mkubwa akauliza, "Hivi humo ndani kuna nini, hadi mtoto asione mvua?"

"Muulize mwenyewe," mama akajibu, mgongo kanipa.

Nikaanza kusimulia. Kiingereza nilikuwa sijui, nimeangalia picha tu, kwa hiyo nilidanganya kwa moyo wangu wote. Wale akina mama hawakuwa wasikilizaji wa kukaa kimya. Bwana Tufani alipopita dirishani kwa mzee mmoja na kuanza kupigana, mama mkubwa akapiga makofi. "Yaya, hapana! Kwa Wasukuma haiwezekani. Ameingia kwa mtu mzima bila shikamoo? Mtoe nje, apite mlangoni." Nikamtoa nje, akapita mlangoni, akaamkia, akaitikiwa marahaba, ndipo akapigana. Mwingine akauliza kwa nini amevaa chupi juu ya suruali, hana mama wa kumwambia? Nikamtungia Bwana Tufani mama. Na pale kurasa zilipokwisha, nikasema basi, ndiyo mwisho. Walinijia juu wote. Ikabidi mwisho niutunge papo hapo.

Ndipo mama akageuka. "Kuanzia leo utakuwa unatusimulia," akasema. "Ila mdomo kwetu, macho mawinguni."

Vitabu alinirudishia siku ya kurudi mjini, vimenyooka vizuri kwa kukaliwa.

Sijawahi kukaa darasa la uandishi. Kila nikijua msomaji wangu amechoka, kila nikifuta mstari unaojifanya mjanja, najua nilijifunza kwa wale wanawake wenye magamba ya samaki hadi kwenye viwiko. Nawashukuru. Na zaidi namshukuru mama, ambaye alikuwa na haki ya kutia vitabu vyangu jikoni na hakuvitia.

Vijana wa siku hizi wana mashujaa wote kiganjani, wenye rangi na sauti, na bado wananuna eti bando limekata kabla adui hajapigwa. Ukimsimulia mmoja wao hadithi dakika mbili anakuuliza ipo wapi ajionee mwenyewe. Siwalaumu. Nawahurumia tu kwamba hakuna anayewakatiza njiani na kudai mambo yaende vingine.

Mama sasa anaishi Kisesa. Kila Jumamosi naenda na daftari, namsomea nilichoandika wiki hiyo. Zamani asingeniacha nimalize sentensi mbili bila kunikosoa. Siku hizi ananyamaza tu, nami nikawa sijui kama ananisikiliza au hanisikii. Nikahamishia kiti upande wake wa kushoto, kwenye sikio lenye nafuu, nikasoma kwa sauti ya kuhubiri.

Jumamosi iliyopita nilifika mwisho, nikafunga daftari, nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Mbona umefunga?" akauliza.

"Nimeishia hapo, mama. Kurasa saba, moja kwa kila siku."

"Saba ni chache, mwanangu," akasema. "Ongeza mwendo. Mimi bado nasikia."

Leo ni Ijumaa. Nimeandika kumi na moja.